Wazazi Wakristo wa Mwanza: nani amewahi kumfundisha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka shule?

#1 Mama Buswelu
Habari za usiku wanajamvi. Naandika watoto wakiwa wamelala, na mmoja amelala bila kula.

Nina wawili. Mkubwa ana miaka 8, yuko darasa la pili shule ya mchepuo wa Kiingereza upande wa mjini. Mdogo ana 5, yuko awali hapo hapo. Haisi ya shule inawapitia saa 11:20 alfajiri na kuwarudisha saa 12 kasoro jioni. Mkubwa anashuka na homuweki tatu. Leo nimemtengea ugali na dagaa, nikageuka kuchukua maji ya kunawa. Narudi nakuta paji la uso liko ukingoni mwa sahani, tonge bado liko mkononi. Baba yake alikuwa ameshafungua Biblia tusali. Tukaifunga.

Nilimwahidi Mungu kwamba wanangu watalisikia Neno kwangu kabla ya kulisikia kwa mtu mwingine. Kumbukumbu la Torati 6 inatuambia tuyanene kwa watoto "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Nimekaa nikayapima hayo moja moja. Nikiketi nyumbani, hawapo. Njiani wako na dereva. Wakilala ni kwa kuzidiwa na uchovu. Wakiondoka ni giza na ni mbio.

Kanisani kwetu kuna familia imewatoa watoto shule, inawafundisha nyumbani kwa vitabu vya kutoka nje. Watoto wametulia, wanasoma, wanawasalimia wakubwa kwa heshima. Nauliza: mtu wa kawaida wa Mwanza analiweza hili? Na je, ndilo tunalotakiwa kufanya sisi tuliookoka, au ni hofu tu?

#2 Fundi Pasiansi
Pole mama. Usiwatoe, wahamishe. Karibu yako haikosekani shule ya msingi ya serikali mtoto anayoweza kwenda kwa mguu, na ada hakuna. Wangu watatu wamepita huko. Tulikuwa tunakula pamoja na kusali pamoja kila siku. Kilichowaondolea watoto wenu muda ni kukimbilia Kiingereza, na Kiingereza hakimo kwenye amri kumi.

#3 Wakili Mdogo
Kabla hatujafika mbali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inataka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie. Mzazi asipotimiza, ni kosa. Kusoma nyumbani hakukutajwa kama njia mbadala. Hiyo familia ya kanisani kwenu iwe na majibu siku mtendaji wa kata au afisa elimu akigonga mlango. Sikutishi dada yangu, ila usianze jambo hujui limesimama wapi.

#4 Mama Buswelu
Asante wakili. Asante fundi. Kuhusu #2, darasa ninaloliona jirani hapa watoto wamebanana mno, ndiyo maana tuliwapeleka mbali. Lakini nakusikia.

#5 Kijana wa Nyakato
Mtoto wa namna mnayoijadili ni mimi. Mama alitufundisha nyumbani mimi na dada yangu, tangu darasa la kwanza hadi la tatu.

Vitabu vilikuwa vya ACE, mfumo wa Kikristo ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Kwa asiyeujua, hakuna mwalimu anayesimama ubaoni. Kila mtoto anakaa kwenye kibanda chake chenye kuta za pembeni asimwone mwenzake. Unashika kijitabu kimoja mpaka ukimalize, kisha unakwenda kwenye meza ya kusahihishia, unajisahihisha mwenyewe. Ukikwama hupigi kelele, unasimika bendera ndogo juu ya kibanda na kusubiri. Baba alitutengenezea vibanda kwa mabaki ya plaiwudi ya dari. Bendera mama alizishona kwa vipande vya kitenge, ya kwangu ilikuwa ya njano yenye jicho la tausi. Ninayo hadi leo.

Nilichopata ni kikubwa. Nilipenda kusoma kabla sijajua kwamba kuna watu hawapendi. Tuliishika Injili ya Marko kwa kichwa, sura kwa sura, mama akikoroga uji. Na mama yangu ananijua. Simaanishi jina na tabia tu, anajua nilivyofikiri nikiwa na miaka saba.

Nilichokosa nacho si kidogo. Nilipoingia darasa la nne shule ya kawaida sikujua kugombea nafasi bombani. Wimbo wa mchakamchaka sikuujua hata mmoja. Mwalimu akiuliza swali nanyoosha mkono nanyamaza, nasubiri aje mezani kwangu, darasa zima linaangua kicheko. Kiswahili changu cha kuandika kilikuwa dhaifu kwa sababu vile vijitabu ni vya Kimarekani, vimejaa theluji na senti za dola. Mtoto wa Nyakato nikawa najua theluji kuliko masika.

Nikiulizwa kama nitawafanyia hivyo wanangu, sijapata jibu.

#6 Dada wa Mwaloni
Kijana #5 nimesoma mara mbili. Hapo kwenye bendera ya kitenge nimelia. Mama yako bado yupo?

#7 Kijana wa Nyakato
Yupo, nashukuru Mungu. Sasa hivi anawafundisha Jumapili watoto wa kanisani.

#8 Mwalimu Igoma
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niongeze jambo ambalo wazazi wengi hawalioni mpaka wamechelewa. Kijana #5 aliokolewa na darasa la nne. Aliingia shuleni kabla ya upimaji wa kitaifa wa darasa hilo, akaandikishwa, akaendelea. Mtihani wa kumaliza msingi mtoto anaufanya kupitia shule iliyosajiliwa. Mtahiniwa wa kujitegemea tunayemsikia NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni wa kidato cha nne na cha sita. Na ile QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ni ya mtu aliyemaliza msingi akakosa sekondari. Kwa hiyo mtoto asiyepita shule ya msingi kabisa ana kipande cha ngazi kilichokatika katikati. Wenye uwezo wanakwepa kwa mitihani ya Cambridge halafu wanaomba ulinganifu NECTA. Hiyo ni njia halali, lakini ni ya mwenye mfuko.

Mama Buswelu, kuhusu homuweki tatu nakuomba radhi kwa niaba yetu. Tangu Januari 2023 NECTA wameacha kutangaza shule kumi bora, ila mashindano yamebaki vichwani mwa wenye shule na vichwani mwa wazazi. Nimeshaletewa malalamiko na mzazi kwamba mwanawe wa darasa la kwanza anarudi nyumbani bila kazi, "hafundishwi".

#9 Mkolani Mlutheri
Wakili #3, umesahau Sera ya Elimu toleo la 2023. Elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa hiyo mama huyu akianza, hakwepi miaka michache, anakwepa kumi.

#10 Wakili Mdogo
Sijasahau. Nilitaja sheria, wewe umetaja sera, na sera haimpeleki mtu mahakamani. Ila mwelekeo umeusema sawasawa, lazima inapanuka, haipungui.

#11 Mzee wa Nassa
Wanangu, shikamooni kwa wakubwa kwangu, marahaba kwa wadogo. Mnaongea kana kwamba shule na kanisa zilizaliwa nyumba mbili tofauti. Huku kwetu ziwani vilikuja katika mtumbwi mmoja. Mapadre weupe walijenga Bukumbi mwaka 1883. Mackay wa CMS, misheni ya Waanglikana, yule fundi Mskoti, alikufa huku huku Nassa akiwa na mashine yake ya kuchapia. Africa Inland Mission wakaja Nassa mwaka 1909. Huko Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa basomi, wasomaji. Kubatizwa na kujua kusoma vilikwenda pamoja.

Baba yangu alifundishwa herufi chini ya mti na mwalimu wa kanisa aliyekuwa na kitabu kimoja, Agano Jipya. Herufi na Mungu akavipata kwa pumzi moja. Halafu ikaja sheria ya 1969, shule za misheni zikachukuliwa na serikali. Silalamikii hilo, watoto wa dini zote walipata kusoma, na hilo ni jambo la haki. Lakini sisi wazazi tuliona kama tumetuliwa mzigo wote. Tukawapa serikali hesabu, tukawapa na Mungu humo humo. Tukabaki na kulipa michango. Mimi mwenyewe nilikuwa mzazi wa namna hiyo kwa watoto sita, na wawili kati yao leo hawaingii kanisani. Shule sizilaumu. Jioni nilikuwa nipo, na sikusema neno.

#12 Msoma Historia
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Mackay hakufia Nassa. Alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, kwa malaria. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

#13 Mzee wa Nassa
Marahaba mwanangu, umenisahihisha. Usambiro. Asante.

#14 Mkatoliki Igogo
Mimi naona kuna njia ya katikati mnairuka. Kwetu mtoto ana Utoto Mtakatifu, ana mafundisho ya komunyo ya kwanza, ana jumuiya Jumamosi asubuhi, akifika sekondari ana TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki. Wenzetu Waprotestanti wana vyama vyao vya wanafunzi, UKWATA na CASFETA. Shule za serikali zina kipindi cha dini, na mara nyingi kinapita bure kwa sababu hakuna aliyejitolea kwenda kufundisha. Badala ya familia moja kuwatoa watoto wawili, watu wazima wanne wa kanisa wakagawane vipindi vya shule ya jirani. Watoto mia watalisikia Neno, na wako wawili wamo humo humo.

#15 Mwalimu wa Kisiwani
Niko Ukerewe. Nimevumilia mpaka nikashindwa.

Huku mtoto akibaki nyumbani hasomi Mithali. Anaamka saa 10 usiku karabai za wavuvi zikirudi, anapokea ndoo, anamwaga dagaa juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani, anazitawanya kwa fagio la chelewa zisilaliane. Jua likipanda anafukuza kunguru na ndege wa ziwani mpaka mchana. Mvua ikitishia anakusanya, ikipita anatandaza upya. Nina mwanafunzi wa darasa la tano, binti mwenye akili kali, anakuja siku mbili kwa wiki. Magamba yanang'aa kwenye vidole vyake anaposhika kalamu. Nilipomwendea baba yake, mzee wa kanisa kabisa, aliniambia, "Mwalimu, na mimi namfundisha. Namfundisha kazi."

Ndiyo maana nikisikia mtu wa mjini anasema sheria ya lazima inambana, moyo unauma. Hiyo lazima ndiyo silaha pekee ninayokwenda nayo kwa yule baba. Mkiilegeza kwa ajili ya mama mwema wa Buswelu, mnailegeza na kwa baba wa mwaloni.

#16 Mama Buswelu
Mwalimu #15, hili sikuwahi kuliwaza. Nitalilalia. Huyo binti anaitwaje tumwombee? Basi, usimtaje. Mungu anamjua.

#17 Dereva wa Alfajiri
Mimi naendesha haisi ya shule, mwaka wa saba huu. Sijasoma sana, niwieni radhi.

Watoto wa kwanza nawachukua Kishiri kabla ya saa 11. Wanapanda wamelala na wanaendelea kulala. Kuna mmoja anakuja na chapati mkononi kila siku, na kila siku tukifika shule chapati iko nzima, ameikumbatia. Sweta zimevaliwa nje ndani. Mama mmoja ananipa mtoto huku bado anamsukia utepe. Nilianza kuwawekea kaseti ya mapambio kwa sauti ya chini, nikaacha, kwa sababu nilimwona mdogo mmoja anaimba amefumba macho huku machozi yanamtoka kwa usingizi.

Sijui ya Biblia na sheria. Najua kwamba ruti yangu inapangwa kwa mafuta, haipangwi kwa umri wa mtoto. Wadogo ndio wanaopanda kwanza kwa sababu ndio wanaokaa mbali.

#18 Fundi Pasiansi
Dereva #17, Mungu akubariki kaka. Hilo ndilo nililotaka kusema kule #2 na sikujua kulisema.

#19 Msabato wa Kirumba
Kwetu tatizo lilikuwa Jumamosi. Shule moja ya binafsi, sitaitaja, iliweka mitihani ya majaribio Jumamosi mfululizo. Binti yangu akawa anapata sifuri kwa kutohudhuria. Tuliongea na uongozi mara tatu. Mwisho nikamtoa, nikakaa naye nyumbani muhula mmoja kabla ya kupata shule nyingine. Muhula ule tulisoma pamoja kitabu cha Danieli, na hesabu za asilimia tulifanya kwa bei za duka langu. Hadi leo anaukumbuka kuliko mwaka wowote. Lakini sikuthubutu kuendelea, nilijua siwezi sayansi.

#20 Mkolani Mlutheri
Msabato, kwa hiyo sisi tuliofanya mitihani Jumamosi ndio tumebaki na sifuri za mbinguni?

#21 Msabato wa Kirumba
Mkolani njoo Sabato ijayo tukusahihishie bure, chakula kipo.

#22 Mtu wa Sengerema
Turudi kwenye mada. Mnasema mtoto mdogo asitoke nyumbani. Hana alimpeleka Samweli hekaluni alipomwachisha ziwa. Hilo ni bweni la tangu utotoni, na akatoka nabii.

#23 Dada wa Mwaloni
Na wana wa Eli waliokulia humo humo hekaluni, wakiwa na baba yao, walikuwaje? Soma 1 Samweli sura ya pili mkuu. Kama ni hoja ya bweni, Machi 2023 wizara yenyewe ilizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Hata serikali imeona mtoto wa umri ule anahitaji mama.

Timotheo alipata imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Danieli alifundishwa elimu ya Wakaldayo, akasimama. Musa alisomeshwa hekima yote ya Wamisri. Kila mtu atapata wa kumtaja.

#24 Mama Pacha Nyegezi
Nimewasoma wote na kuna kitu kimoja hamkisemi. Kufundisha nyumbani maana yake ni mama. Kila mfano hapa ni mama: #5 mama, #1 mama, Loisi, Eunike. Mimi nauza vitenge soko kuu. Nikikaa nyumbani kuwafundisha pacha, nani atalipa kodi ya fremu? Kina baba mnaonukuu Kumbukumbu la Torati, amri ile aliambiwa Israeli yote, hakuambiwa mama peke yake.

#25 Mzee wa Nassa
Umesema kweli binti yangu. Nilikuwepo jioni zile. Nimeshasema.

#26 Baba Kiseke
Mama Pacha, niseme kama baba. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi 17 nilikuwa sina kazi. Mke wangu ni muuguzi, yeye alikuwa kazini. Hadi zinafunguliwa Juni 29 nilikaa na watoto watatu, darasa la kwanza, la tatu na la sita. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nagomba tu. Ya tatu nikagundua kwamba wa darasa la tatu hajui kusoma. Alikuwa anakariri kurasa kwa kusikiliza wenzake. Ripoti zake zote zilikuwa na B. Nilikaa naye kibarazani na Zaburi ya 23, neno moja baada ya jingine, kidole changu chini ya neno. Alipofika "kando ya maji ya utulivu" alisoma mwenyewe bila mimi, akainua macho akaniangalia, na wote wawili tukaangalia ziwa kule chini.

Walirudi shule na sijawahi kufikiria kuwatoa. Ila tangu siku ile kila jioni dakika 20 ni zangu na huyo mtoto. Yuko kidato cha pili sasa.

#27 Mwalimu Igoma
Baba Kiseke, hilo la kukariri lipo kwenye kila darasa kubwa. Nisamehewe, ninao wa namna hiyo na siwafikii wote.

#28 Mtu wa Sengerema
Wazungu wao wametatua siku nyingi. Ulaya yote na Marekani ukitaka unamfundisha nyumbani, hakuna anayekuuliza.

#29 Msoma Historia
Si kweli kwa Ulaya yote. Ujerumani hairuhusu, na wapo wazazi Wakristo waliohama nchi kwa sababu hiyo. Marekani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, lakini masharti yanatofautiana, kuna majimbo yanadai mitihani na taarifa na mengine hayadai kitu. Hata wao hawajamaliza.

#30 Kijana wa Nyakato
Niongeze moja. Dada yangu tuliyesoma naye vibanda vile hasemi ninavyosema mimi. Kwake ilikuwa miaka ya upweke. Anasema alikuwa anasimika bendera hata kama hajakwama, ili mama aje tu asimame karibu yake. Nimelijua hilo mwaka jana.

#31 Mama Buswelu
Nimerudi. Nimesoma yote na mume wangu, kwa sauti, tumekaa mezani mpaka saa 6 usiku. Tulipofika #26 alitoka nje akasimama kidogo. Hatujaamua. Yeye anataka shule ya karibu. Mimi moyo wangu bado uko kwenye zile bendera, hata baada ya #30. Kwa sasa tumekubaliana asubuhi baba yao ndiye anayewavalisha na kusali nao, na homuweki ya kubandika picha haitafanywa. Nitamwandikia mwalimu wao barua.

Dereva #17, wewe si wetu, lakini leo nimemuuliza wetu kama anaweza kugeuza ruti wadogo wapande mwisho. Amesema niongee na bosi wake.

#32 Dereva wa Alfajiri
Mama, ukienda kwa bosi nenda na wazazi wengine watano. Mmoja watamwambia kuhusu mafuta.

#33 Mgeni Jamvini
Samahani nimechelewa, nina mtoto wa miaka 11 hajawahi kuandikishwa popote, mama yake alifariki akiwa mdogo. Hivi hiyo QT anaweza kufanya?

#34 Mwalimu Igoma
Hapana, hiyo siyo yake. Kaulize MEMKWA kwenye shule ya msingi iliyo karibu, mpango ule ni wa watoto waliokosa msingi kama huyo. Nenda kesho, usisubiri Januari. Uko kata gani?